Ua Wetu na Njia ya Jirani



Huenda mtashangaa kuona kurasa za jarida la parokia zikijazwa habari za fito, kamba na mashimo ya nguzo. Twaomba mtuvumilie. Tumefundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo yote tuliwaambia wanachuo wetu kwamba swali la haki na dhuluma halikai vitabuni tu, bali hukaa pia kwenye foleni ya maji na kwenye mizani ya dukani. Tulisema hivyo kwa urahisi, maana tulikuwa tukikaa nyumba za chuo, na nyua za nyumba za chuo hujengwa na chuo. Tulipostaafu mwaka 2018 na kuhamia kwenye kiwanja chetu pembeni mwa Kilwa Masoko, ndipo ilipotupasa kujenga ua kwa mikono yetu wenyewe, na swali likatufuata mpaka nyumbani. Swali lenyewe ni hili: je, kitu kikiwa changu, nina haki ya kukizungushia ua kama nipendavyo?

Kwanza tulitazame neno, kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili hastaafu. Ua likiwa la waridi, wingi wake ni maua. Ua ukiwa wa nyumba, wingi wake ni nyua; nao ni ule wigo wa makuti au fito, na pia ni ile nafasi iliyo ndani ya wigo, wanapopika kina mama, wanapofua na kuzungumza yao. (Kuna na ua la tatu, ambalo ni amri ya kitenzi, nalo tunaliacha.) Mtu wa pwani akiambiwa kwamba mwenyeji wake yuko uani, hamfuati huko, hungoja barazani. Basi katika lugha yetu kizuizi na mahali pa stara vina jina moja. Wazee wetu hawakuuona ua kuwa ni uchoyo. Nyumba isiyo na ua ndiyo waliyoionea haya.

Kwa hiyo hatukuanza kazi tukiwa na dhamiri nzito. Sababu yetu ilikuwa mbuzi. Huku kwetu mbuzi wa mjini hana mchungaji. Hufunguliwa asubuhi akajitafutie. Mwaka wa kwanza tulipanda muhogo wakala majani mpaka shina. Mwaka wa pili tukapanda tena, wakala tena. Twajua ya kuwa wakulima walio bara ya wilaya yetu wana shida kubwa kuliko hii. Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walishuka na ng'ombe wao hadi Kilwa na Lindi, na tangu hapo ugomvi wa mashamba na malisho haujaisha. Mkulima wa huko hukesha kwenye dungu akifukuza nguruwe mwitu, na kukicha humkuta ng'ombe shambani. Sisi ni mbuzi tu. Lakini muhogo ulioliwa ni muhogo ulioliwa.

Tena lilikuwapo shimo letu la kuhifadhi maji ya mvua, lenye kina cha mita 2, nasi hutembelewa na wajukuu. Hilo tulilizungushia fito kabla ya kitu kingine chochote, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika Torati, Kumbukumbu sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa kulizungushia ukingo paa lake, kwa sababu siku zile watu walipanda na kukaa juu ya paa, na mtu akianguka lawama ni ya mwenye nyumba. Hebu tuitafakari sheria hiyo kidogo. Ni sheria inayomwamuru mtu kujenga kizuizi kwenye mali yake mwenyewe, wala si kwa faida yake, ni kwa usalama wa mgeni. Tumeifundisha sura hiyo mara nyingi katika shule ya Jumapili bila kuona kwamba ni habari ya ua.

Sasa tuseme jinsi tulivyojenga, huenda ikamfaa mtu. Ukuta wa matofali ya saruji tuliupigia hesabu tukauacha siku hiyo hiyo. Pensheni haina masihara. Nguzo za mikoko ndizo zilizo bora, maana mchwa hawazipendi, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na anayeziuza kwa bei rahisi usiku ana sababu ya kuuza usiku. Tulichukua nguzo za mvinje, mti ambao majirani zetu wa Kivinje wameupa mji wao jina. Kiwanja chetu kina mita 30 kwa 40. Kila mwalimu wa hesabu atatabasamu hapa, kwa kuwa mraba wa 30 na mraba wa 40 ukivijumlisha hupata mraba wa 50. Tulifunga kamba kutoka pembe hadi pembe, tukapima, ikatoka mita 50 kasoro kiganja. Tukajua kwamba pembe zetu ni za haki. Mzunguko ni mita 140, nguzo moja kila mita 2, basi nguzo 70. Na tuwakumbushe wanafunzi wetu wa zamani kwamba ua ukijifunga idadi ya nguzo ni sawa na idadi ya nafasi, ila mstari usiojifunga huongeza nguzo moja. Swali hilo liliwakosesha wengi mtihani.

Kila nguzo tuliichoma kidogo sehemu ya chini motoni mpaka ikawa nyeusi, tukaipaka mafuta machafu ya gari, tukaishusha sentimita 60 ardhini na kushindilia udongo kidogo kidogo kwa mchi. Pembe ya kaskazini tulikuta mwamba wa matumbawe, na shimo moja lilitumaliza siku nzima na mtaimbo. Kisha fito tatu za kulala, zikafungwa kwa kamba. Upande wa jikoni tulining'iniza makuti ya kumba kwa ajili ya stara. Pande nyingine tulichomeka vipande vya mbono, kimoja kila sentimita 25, katika siku za mwisho kabla ya mvua, kwa sababu mbono hushika upesi na mbuzi hauli. Wako wanaopenda minyaa. Minyaa ni ua mzuri pia, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na kwa sababu ya wajukuu hatukuitaka. Fito na nguzo ni za miaka michache tu. Ua wenyewe ni huo mbono, utakaobaki nguzo zikisha oza.

Kazi ilichukua majuma matano, Oktoba na Novemba mwaka 2021. Na katika juma la kwanza kabisa, tulipokuwa tukivuta kamba upande wa mashariki, kamba ile ilipita juu ya kijia.

Hatutasema kwamba hatukukiona. Kilikuwa kijia cheupe, laini, upana wa nyayo mbili, kilichotoka nyumba ya jirani yetu Bi Mkubwa, kikakata pembe ya kiwanja chetu na kutokea bombani. Bi Mkubwa ni mama wa miaka zaidi ya 70, mjane, Mwislamu mcha Mungu, aliyekaa hapo kabla hatujanunua kiwanja. Kila asubuhi tulimwona akipita na ndoo kichwani, akatuamkua sisi kabla hatujamwamkua yeye, mpaka tukaona haya. Tulikitazama kijia, tukatazama bikoni za mpaka. Bikoni zilikuwa mahali pake. Karatasi za kiwanja hazikuonyesha njia yoyote. Kijana aliyetushikia kamba akauliza, "Mwalimu, na hapa?" Tukamwambia, "Vuta."

Neno hilo moja, "vuta", ndilo linalotufanya tuandike leo.

Ua ulipokamilika tulikuwa na furaha ambayo si rahisi kuieleza kwa mtu ambaye hajajenga kitu. Jioni tuliuzunguka tukiugusa. Yuko mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, John Locke, aliyefundisha kwamba ardhi huwa ya mtu pale anapochanganya nayo kazi ya mikono yake. Jioni zile tulikuwa wanafunzi wa Locke kweli kweli. Malengelenge ya viganjani yalikuwa hati yetu. Na yuko Jean-Jacques Rousseau, aliyeandika mwaka 1755 kwamba mashaka ya wanadamu yalianza na yule wa kwanza aliyezungushia ua kipande cha ardhi akadai ni chake, akapata watu wa kumsadiki. Huyo hatukumkumbuka jioni zile. Wala hatukumkumbuka Mwalimu Nyerere wa hapa hapa kwetu, ambaye mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alikataa ardhi igeuzwe bidhaa ya mtu binafsi, akisema ni zawadi ya Mungu kwa wote. Mpaka leo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Sisi wenye hati tuna haki ya kuitumia. Tulikuwa tukilijua hilo kwa mtihani.

Bi Mkubwa hakusema neno. Alizunguka kwa barabara kuu. Tulimwona, tukajiambia kwamba kutembea ni afya.

Ikapita Desemba, ikaanza masika. Ikafika Aprili mwaka 2022, mwezi wa Ramadhani. Tangu tuhamie hapo, kila Ramadhani jua likisha kuchwa, Bi Mkubwa alituletea bakuli la uji wa futari, mtamu, wenye pilipili manga, moto wa kuunguza ulimi. Mara nyingi alikuja mwenyewe kwa kile kijia, akapiga hodi mlango wa uani, kwa kuwa si mgeni. Nasi wakati wa Krismasi tulimpelekea kuku. Mwaka ule tulijiuliza kama bakuli litakuja. Likaja. Aliyelileta ni mjukuu wake wa miaka kama 9, naye alipita barabarani, akazunguka mpaka lango la mbele. Uji ulikuwa umemwagika nusu mkononi mwake na uliobaki umepoa. Mtoto akatuamkua kwa adabu, akasema, "Bibi anasema mumwie radhi, umepoa. Njia imekuwa ndefu."

Tuliunywa uji ule ukiwa baridi, sisi na mwenzetu wa nyumbani, na hakuna aliyesema kitu. Baadaye mwenzetu alisema, "Wewe ulipima kiwanja. Sasa kapime na njia." Kesho yake alfajiri tulikwenda. Kwa kijia cha zamani, kutoka mlango wake hadi bombani, tulikisia hatua 150. Kwa barabara, hatua 540. Na yule mama huenda mara mbili kwa siku, akirudi na ndoo.

Basi hapo ndipo tulipomrudia Locke, na safari hii tukamsoma mpaka mwisho wa sentensi. Kama kazi ya mwili ndiyo impayo mtu haki juu ya ardhi, kijia kile kilitengenezwa na nani? Hakuna jembe lililokilima. Nyayo za Bi Mkubwa ndizo zilizokilainisha, siku kwa siku, miaka mingi kabla ya malengelenge yetu ya majuma matano. Tena Locke mwenyewe aliweka sharti ambalo wenye nyua hupenda kulisahau: kwamba mtu ajitwalie, mradi wengine wabakiwe na ya kutosha na yaliyo mazuri vile vile. Huko huko kwao Uingereza, katika karne ya 18 na ya 19, malisho ya wote yalizungushiwa nyua kwa sheria za Bunge, na maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja akakosa pa kumlishia. Yote yalifanywa kwa karatasi zilizo sawa, kama zetu.

Twataka tueleweke vizuri. Hatusemi ya kuwa ua ni dhambi. Wapo watu siku hizi, hasa vijana waliosoma, husema kwamba Mwafrika wa zamani hakuwa na mipaka, kila kitu kilikuwa cha wote. Waje wavuke hapo mbele yetu, mashua ni dakika chache, waone Kilwa Kisiwani. Pale pana Makutani, jumba lililozungukwa na ukuta mrefu. Pana Husuni Ndogo, ua mkubwa wa mawe wenye kuta nene, nao wachimbuaji wa mambo ya kale hawajakubaliana mpaka leo ulijengwa kwa kazi gani. Pana Gereza, pale ambapo Wareno walijenga ngome mwaka 1505. Neno hilo gereza wataalamu wengi hulitoa katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa, jambo ambalo sisi watu wa kanisa tungefaa kulifikiri tukiwa peke yetu. Ngome ile Wareno waliiacha mwaka 1512, baada ya miaka 7 tu. Mababu zetu walijenga nyua za kutosha. Lakini msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipotaka kumsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, hakusifu kuta zake. Alieleza jinsi maskini mmoja alivyomwomba njiani nguo alizovaa, naye akampa. Watu wakamwita Baba wa Zawadi. (Katika zawadi zilizofuata walikuwamo na watumwa, wala hatuwezi kuisimulia habari hiyo bila kuinamisha kichwa, hata ukarimu una ua wake, na wako walioachwa nje.)

Kwa hiyo swali letu la mwanzo tuliliuliza vibaya. Tuliuliza kama kitu ni chetu. Ilitupasa kuuliza ni nani anayepita hapo sasa, naye atapita wapi kesho. Ua wa shimo la maji humzuia mtoto asife. Ua wa muhogo humzuia mbuzi asile. Ile mita moja ya mashariki ilimzuia nani? Mbuzi hakuwa akipita pale. Mbuzi hupita popote. Tulimzuia mtu mmoja tu, na tulimjua jina.

Tulikwenda kwake jioni, baada ya futari. "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, Mwalimu. Karibuni mkae." Tukamwambia tumekuja kuomba radhi kwa ajili ya njia. Akacheka kidogo. "Njia ipi? Kiwanja chenu, ua wenu." Tukasema tena. Akanyamaza muda mrefu, akitazama mkeka. Tulijua kwamba angeweza kwenda baraza la kata, maana sheria huitambua haki ya njia iliyopitwa miaka mingi. Hata watu wawili watatu walikuwa wamemshauri hivyo, tulivyosikia baadaye. Hakwenda. Hatimaye akasema, "Mwanangu, mimi ningezunguka tu. Lakini ungepiga hodi. Mimi nikija kwako napiga hodi." Hatukuwa na jibu. Tumepewa vyeti vingi katika maisha yetu, na hakuna hata kimoja kilichotusaidia kujibu.

Jumamosi tuling'oa nguzo moja na vipande vinne vya mbono, vilivyokuwa vimekwisha shika, vikatuuma kidogo. Tukaweka kijilango cha fito, chenye bawaba za mpira wa gurudumu. Tatizo likawa hili: mtu mwenye ndoo kichwani hana mkono wa kufungua wala wa kufunga. Basi kijilango kisukumwe kwa nyonga, kisha kijifunge chenyewe. Tukafunga kamba juu ya panda ya mti, na mwisho wa kamba tukaning'iniza jiwe. Ukisukuma, jiwe hupanda. Ukipita, jiwe hushuka na kukivuta kijilango. Bi Mkubwa alijaribu mara tatu akiwa na ndoo tupu, akasema, "Hapo sawa, Mwalimu."

Ila mbuzi naye ana kichwa cha kusukumia. Juma la pili tulimkuta beberu mmoja ndani ya muhogo, ametulia kama mwenye hati. Tukaongeza jiwe. Beberu akashindwa, lakini tukaona kwamba Bi Mkubwa naye husimama pale, akaweka ndoo chini, akasukuma kwa mikono miwili. Tukapunguza jiwe. Beberu akarudi. Tumejaribu mawe manne ya uzito mbalimbali, tukiyapima kwa mizani ya muuza samaki, na jiwe linaloweza kupitishwa na mama wa miaka zaidi ya 70 na kumshinda beberu halijapatikana. Sasa tumerudisha lile jepesi. Mistari miwili ya muhogo iliyo karibu na kijilango tumeacha kuihesabu.